Kawia Ufike: Kuupima Mchezo wa Karata wa Mille Bornes



Neno karata halina sifa njema katika nyumba nyingi. Mtu akisema, "Fulani acheza karata," wasikilizaji hutikisa kichwa. Wamekwisha kuwaza mshahara uliopotea usiku mmoja, na mke anayengoja mlangoni. Hawakosei. Kamari imevunja nyumba nyingi, nasi hatutaitetea hapa. Lakini yafaa kupambanua. Kisu cha mama jikoni si kisu cha mwizi, ijapokuwa chuma ni kimoja.

Leo nataka kupima pamoja nanyi mchezo mmoja wa karata usio na fedha ndani yake hata kidogo. Ni mchezo wa nyumbani: baba, mama, watoto na babu hukaa meza moja, nao hushindana katika safari ya motokari ya kilometri 1000. Jina lake ni Mille Bornes, maana yake mawe elfu, yaani yale mawe yanayosimamishwa kando ya barabara kuonyesha kilometri. Hukumu yangu naitoa mapema, msije mkaingoja mpaka mwisho: mchezo huu ni mwema, lakini una mwiba. Mzazi asiyeujua mwiba huo atawagombanisha watoto wake. Mimi niliwagombanisha wangu, nami nitawasimulia.

Asili ya mchezo

Mchezo huu ni wa Kifaransa. Aliyeutunga ni Edmond Dujardin, mwaka 1954. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vifaa vya kufundishia watu kuendesha motokari, kwa hiyo si ajabu kwamba karata zake zimejaa taa, mipira na alama za njiani. Hakuanza na mikono mitupu. Huko Marekani mtu mmoja, William Janson Roche, alikuwa amekwisha kutunga mchezo wa karata wa safari, jina lake Touring, tangu mwaka 1906. Dujardin alichukua wazo lile akalivika nguo za Kifaransa. Tena likarudi lilikotoka: mwaka 1962 kampuni ya Parker Brothers ilianza kuuza Mille Bornes huko Marekani, nayo ndiyo kampuni iliyokuwa imeuza Touring miaka mingi. Hivyo mtoto alikwenda ugenini, akarudi kwao na jina jipya.

Kwa nini kilometri 1000? Kwa sababu Wafaransa walikuwa na barabara moja kubwa waliyoipenda kuliko zote, barabara ya taifa namba 7, itokayo Paris, ikapita Lyon na Avignon, ikafika Menton karibu na mpaka wa Italia. Urefu wake ulikaribia kilometri 1000. Tangu mwaka 1936 wafanyakazi wa Ufaransa walipewa kwa sheria majuma mawili ya likizo yenye mshahara, na mwaka 1956 wakaongezewa juma la tatu. Watu wengi wakapakia watoto na vyombo katika motokari ndogo, wakaifuata barabara ile mpaka baharini. Walijua taabu zake zote: mpira kutoboka, esansi kwisha, kungoja katika mstari mrefu. Dujardin aliwapa safari yao wenyewe ndani ya sanduku dogo. Siku hizi magari hupita barabara nyingine za haraka, na sehemu kubwa ya namba 7 ilikwisha kuondolewa katika hesabu ya barabara za taifa mwaka 2006. Lakini mchezo ungali unauzwa.

Kilichomo sandukuni

Karata ni 106. Zimegawanyika mafungu manne, nami nitayapa majina ya kwetu ili tuelewane.

Fungu la kwanza ni karata za mwendo, nazo ni 46. Kila moja ina hesabu ya kilometri, na katika zile za zamani kila moja ina picha ya kiumbe. Ya 25 ina konokono, ya 50 ina bata, ya 75 ina kipepeo, ya 100 ina sungura wa porini, na ya 200 ina mbayuwayu. Konokono ni 10, bata 10, vipepeo 10, sungura 12, na mbayuwayu 4 tu.

Fungu la pili ni karata za shida, nazo ni 18: ajali 3, kuishiwa esansi 3, mpira kutoboka 3, amri ya kupunguza mwendo 4, na taa nyekundu 5. Hizi humpigi nazo mwenyewe, wampiga mwenzako.

Fungu la tatu ni karata za dawa, nazo ni 38. Kila shida ina dawa yake: matengenezo 6 kwa ajali, esansi 6, gurudumu la akiba 6, mwisho wa kupunguza mwendo 6, na taa ya kijani 14.

Fungu la nne ni karata za kinga, nazo ni 4 tu, kila moja peke yake. Dereva hodari hapati ajali. Mwenye tangi la esansi haishiwi. Mwenye mpira usiotoboka hatobokewi. Na gari lenye haki ya kupita kwanza halizuiwi na taa nyekundu wala na amri ya kupunguza mwendo.

Maneno ya karata ni ya Kifaransa. Lakini babu asiyekisoma atazijua zote kwa picha baada ya safari moja, kwa kuwa mtu hahitaji kusoma neno ili ajue kwamba gurudumu limelala chini.

Namna ya kucheza

Kila mchezaji hupewa karata sita, asizionyeshe. Zinazobaki hulazwa katikati, zimefunikwa. Zamu yako ikifika, wavuta karata moja, kisha waweka moja mezani au kuitupa. Mwisho wa zamu unabaki tena na sita. Karata iliyotupwa haiokotwi tena. Likumbukeni neno hilo, maana tutalirudia.

Hakuna atakayeondoka kabla ya kuweka taa ya kijani mbele yake. Akiisha kuiweka, katika zamu zinazofuata aweza kuweka karata za mwendo, moja kwa kila zamu, akihesabu kilometri zake. Mwenzake akimpiga kwa ajali, kwa kuishiwa esansi au kwa mpira kutoboka, motokari imesimama. Lazima apate kwanza dawa yake, kisha taa nyingine ya kijani, ndipo aendelee. Akipigwa kwa taa nyekundu, taa ya kijani yatosha. Akipigwa kwa amri ya kupunguza mwendo, hasimami, lakini haruhusiwi kutumia ila konokono na bata mpaka apate dawa yake. Gari lililokwisha kusimama halipigwi mara ya pili kwa shida nyingine ya kusimamisha. Hata mchezoni aliyeanguka hapigwi teke.

Anayepata kinga aweza kuiweka mezani katika zamu yake, akapata alama 100, akavuta karata nyingine na kucheza tena. Au aweza kuificha mkononi. Kwa nini aifiche? Kwa sababu mwenzake akimpiga kwa shida ile ile, ataitoa papo hapo, hata kama zamu si yake. Wafaransa huita tendo hilo coup fourré, neno la wapigana kwa panga: unayemchoma akuchoma saa ile ile. Shida hutupwa, mwenye kinga hupata alama zake 100 na nyingine 300 juu yake, na zamu inakuwa yake, hata ikiwa wengine wamerukwa.

Mwenye kufika kilometri 1000 kamili humaliza safari. Nasema kamili: 1025 haikubaliwi. Kila kilometri ni alama moja. Kumaliza safari ni alama 400. Kumaliza bila kutumia mbayuwayu hata mmoja ni 300 zaidi. Kumaliza baada ya karata za kuvuta kwisha zote ni 300. Kupata kinga zote nne ni 300. Kumaliza wakati adui hajaenda hata kilometri moja ni 500. Upande unaotangulia kufika alama 5000 ndio mshindi wa mchezo mzima. Safari moja haitoshi kamwe kuzifikisha, hata ikiwa na bahati zote. Matoleo hutofautiana kidogo kwa sheria. Mimi nafuata zile za zamani. Ikiwa karatasi ya sanduku lako yasema vingine, fuateni hiyo, mradi wote wakubaliane kabla ya kuanza.

Uzuri wake wa kwanza: dawa ni nyingi kuliko magonjwa

Sasa tupime. Wengi wanaoucheza mara ya kwanza hulalamika, "Mchezo huu una mateso tu! Kila nikitaka kwenda, napigwa." Hebu na wahesabu. Shida zote ni 18. Dawa zote ni 38, tena kinga 4. Kwa kila ajali moja yako matengenezo mawili. Kwa mipira iliyotoboka 3 yako magurudumu ya akiba 6. Kwa taa nyekundu 5 ziko za kijani 14. Mtungaji hakuwa mkatili. Aliweka dawa maradufu.

Basi kwa nini mtu hukaa amesimama zamu nane au tisa? Kwa sababu dawa ziko mikononi mwa wengine, au yeye mwenyewe alikwisha kuzitupa. Alipokuwa akikimbia vizuri aliona gurudumu la akiba mkononi, akasema, "Hili la nini? Mpira wangu ni mzima." Akalitupa ili apate nafasi ya sungura. Zamu iliyofuata akapigwa. Kumbe akiba haiozi! Mkono una nafasi sita tu, na hekima ya mchezo ni kuamua zipi ni za kwenda na zipi ni za kukusaidia siku mbaya. Mwenye karata za mwendo sita atakwama kwa pigo la kwanza. Mwenye dawa sita hatapigwa kwa hofu, lakini hatakwenda popote. Mimi hupenda kushika mbili za dawa, na mojawapo iwe taa ya kijani sikuzote, kwa sababu karibu kila shida humalizika kwake.

Uzuri wa pili: konokono na mbayuwayu

Watoto humpenda mbayuwayu. Kilometri 200 kwa zamu moja! Sheria huruhusu wawili tu katika safari moja kwa kila upande, nao watoto huwatafuta kama dhahabu. Lakini fanyeni hesabu. Kumaliza bila mbayuwayu kwaleta alama 300. Mbayuwayu mmoja amekupa kilometri 200, ambazo ungezipata kwa sungura wawili. Yaani amekuokoa zamu moja, na bei yake ni alama 300. Ni ghali. Yafaa kumtumia lini? Adui anapokaribia kumaliza nawe uko nyuma sana. Hapo zile 300 hutazipata kwa vyovyote, basi chukua 200 zilizo mkononi. Na ukiisha kumtumia mmoja, usimwonee haya wa pili, maana hasara ni ile ile.

Konokono hapendwi na mtu. Kilometri 25, ni nini? Watoto humtupa wa kwanza. Nami nilipokuwa mwanafunzi wa mchezo huu nilimtupa vile vile. Lakini kumbukeni: safari humalizwa kwa 1000 kamili.

Jioni moja ya mvua tulicheza nyumbani kwangu, mimi na mama mkwe upande mmoja, wanangu wawili wakubwa upande wa pili. Vijana walikimbia kama moto. Sungura juu ya sungura, kipepeo, sungura tena. Walifika 975 sisi tukiwa 600. Wakaanza kucheka na kujumlisha alama zao kabla ya wakati. Ilibaki konokono mmoja tu. Wakavuta, hayuko. Wakavuta tena, hayuko. Kijana wangu akatazama fungu la zilizotupwa, akanyamaza, kwa maana alikumbuka. Yeye na ndugu yake walikuwa wametupa konokono watano kwa mikono yao. Mama mkwe hakusema neno. Aliweka bata, akaweka kipepeo, akaweka bata mwingine, nami nikaongeza sungura nilipoweza. Tulipofika 950 alifungua mkono wake, na mlikuwa na konokono wawili aliokuwa amewatunza tangu mwanzo. Akawaweka mmoja mmoja, kila mmoja kwa zamu yake. "Kawia ufike," akasema, akaenda kutazama chungu chake.

Sijui hotuba ya baba gani ingalimfundisha kijana yule jambo lile kwa muda mfupi hivyo. Huu ndio uzuri mkubwa wa mchezo: mwendo mdogo una kazi ambayo mwendo mkubwa hauwezi kuifanya. Tena si mwishoni tu. Ukipigwa kwa amri ya kupunguza mwendo, sungura wako wote ni bure. Konokono na bata ndio watakaokuvusha.

Uzuri wa tatu: kinga iliyofichwa

Swali la kinga ni tamu kuliko yote. Uiweke mezani upesi, upate 100 na amani? Au uingoje shida, upate 400? Hapa hesabu yasaidia. Dereva hodari angojea ajali, nazo ni 3 tu. Zikiisha kuonekana mbili katika fungu la zilizotupwa, usingoje mno. Lakini gari lenye haki ya kupita kwanza langojea taa nyekundu 5 na amri za mwendo 4, yaani 9 katika shida zote 18. Ni nusu nzima! Hiyo ndiyo karata bora katika sanduku. Ikiwa unayo nawe unakwenda vizuri, ingoje, utapigwa tu. Ikiwa umesimama kwa kukosa taa ya kijani, iweke mara moja, maana mwenye haki hiyo hahitaji tena taa ya kijani hata moja.

Na mwenye kupiga naye ajifunze. Kabla ya kumpiga mwenzako, tazama mezani: je, kinga ya shida hii imekwisha kuonekana? Kama haijaonekana, huenda iko mkononi mwake, naye atacheka. Watu wengi wangefikiri mara mbili kabla ya kumdhuru jirani, kama wangejua kwamba pigo laweza kumtajirisha.

Sasa mwiba

Nimesifu vya kutosha. Mwamuzi asiyeona kasoro ni mwamuzi mpofu, na kasoro ziko tatu.

Kasoro ya kwanza ni mwanzo. Bila taa ya kijani huondoki. Nimepiga hesabu: kwa karata sita za kwanza na ile moja unayovuta, karibu mara 1 katika 3 hutakuwa na taa ya kijani wala gari lenye haki ya kupita kwanza. Maana yake, katika meza ya watu wanne, mara nyingi yuko mmoja anayetazama wenzake wakiondoka. Zamu inayofuata aweza kukosa tena, na tena. Mtu mzima huvumilia. Mtoto wa miaka saba hulia. Je, sheria hii ni mbaya? Ni kali mno kwa wadogo. Nyumbani kwangu tumekubaliana kwamba mtoto aliyekosa taa zamu tatu za mwanzo aweza kutupa karata mbili na kuvuta mbili. Sheria hiyo haimo sandukuni; ni ya kwetu, wala haijaharibu mchezo.

Kasoro ya pili ndiyo mwiba wenyewe. Sanduku huruhusu watu watatu kucheza kila mtu peke yake. Ndugu zangu, msicheze watatu! Nilicheza hivyo na mwanangu wa kiume na binti yangu mdogo. Binti alitangulia. Kaka yake akampiga kwa mpira kutoboka. Akajitengeneza, akaweka taa ya kijani. Nami, nikiona kwamba bado yu mbele, nikampiga kwa ajali. Akajitengeneza tena kwa shida. Kaka akampiga kwa taa nyekundu, nasi wawili tukacheka pamoja. Kila mmoja wetu alifuata sheria. Hakuna aliyeiba. Lakini binti aliweka karata zake chini polepole, akasema, "Baba, ninyi wawili mnacheza mchezo mmoja, na mimi nacheza mwingine." Akaenda kulala. Sikupata la kumjibu, wala sikumaliza safari ile.

Tazameni namna ubaya unavyoingia. Katika watu watatu, anayetangulia hupigwa na wawili, na mara nyingi anayeumia zaidi ni mdogo, ambaye hana nguvu ya kulipa. Tena karata zenyewe zatosha kwa shida: mwendo wote ulio sandukuni ni kilometri 3500, na watatu wakitaka 1000 kila mmoja, zahitajika 3000. Ndiyo maana sheria za Marekani zilifupisha safari kuwa kilometri 700 kwa watu wawili au watatu. Walijua kwamba kuna shida, lakini walitibu urefu wa njia tu, hawakutibu uchungu.

Dawa ya uchungu ni kucheza wanne, wawili kwa wawili, wenzi wakikaa kuelekeana. Hapo mchezo wabadilika kabisa. Kila upande una njia moja na hesabu moja. Kinga ya mwenzi ni kinga yako. Nikikosa gurudumu, mwenzi wangu ataliweka kwa ajili yangu. Pigo halimwangukii mtoto peke yake, lawaangukia wawili, nao huulizana kwa macho tu, kwa kuwa hairuhusiwi kuonyeshana karata. Mweke mdogo pamoja na mkubwa, asiyejua pamoja na ajuaye. Binti yangu sasa hucheza na bibi yake, na Jumapili alasiri sisi wengine twawaogopa.

Kasoro ya tatu ni ndogo, lakini wazazi waisikie. Katika karata ajali hutengenezwa kwa karata moja, na hakuna aliyeumia. Barabarani si hivyo. Tena ile karata ya kupita kwanza humfurahisha mtoto, naye aweza kudhani kwamba kuna watu wakubwa ambao taa nyekundu si kitu kwao. Mwelezeni kwamba haki ile katika sheria za barabara ni ya gari la wagonjwa, gari la wazima moto na mengine ya namna hiyo, yanapokwenda kuokoa. Si ya tajiri mwenye haraka. Dujardin aliyetengeneza vifaa vya kufundishia madereva alijua hayo. Karata yenyewe haina nafasi ya kuyaeleza. Kazi hiyo ni ya baba na mama.

Mashauri machache

Anzeni na safari moja ya kujifunza, karata zote zikiwa wazi mezani, hata mdogo azielewe. Mpeni mtoto wa shule kazi ya kuandika alama: 25, 50, 75, 100 zitamwingia kichwani bila fimbo. Msiweke fedha mezani, hata senti moja, hata kwa mzaha; siku fedha itakapoingia, mchezo huu utakuwa ule wa kwanza tuliousema. Chezeni mpaka 5000 kwa siku mbili au tatu, msikeshe. Na anayempiga mwenzake asimcheke. Pigo ni sehemu ya mchezo, dhihaka si sehemu yake.

Basi hukumu yangu ni ile niliyoitoa mwanzoni. Mchezo una bahati nyingi, wala mwerevu hashindi kila siku. Lakini ndiyo sababu babu na mjukuu waweza kukaa meza moja, kila mmoja akiwa na tumaini. Wafundisha kushika akiba, kuvumilia taa nyekundu, kumheshimu konokono, na kumtegemea mwenzi aliye ng'ambo ya meza. Chezeni wanne, mtapata hayo yote. Chezeni watatu, nanyi mtazame vizuri uso wa yule anayesimamishwa mara ya tatu, kabla hamjacheka.

Safari njema.